Alikula nauli yangu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa kwa kinyozi wangu Kondele, hapa Kisumu, nikingoja zamu. Tulikuwa wanaume saba au wanane. Redio inapiga rhumba, mashine inanguruma, mzee mmoja amejificha nyuma ya gazeti. Kijana aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, akaanza kusimulia. Kuna msichana walijuana kwenye Facebook, mtu wa Chavakali. Alimtumia shilingi 200 za nauli kwa M-Pesa. Msichana akaja kweli, wakala samaki pale Dunga, jioni wakaelekea kwake Manyatta. Kufika mlangoni, msichana akasema anataka kurudi nyumbani kabla giza halijaingia.

"Sasa omera, ungekuwa wewe ungefanya nini?" akamwuliza kinyozi kupitia kioo. "Amekula nauli yangu, amekula samaki, halafu ananiletea habari ya giza. Nikafunga mlango. Alilia kidogo, akanyamaza."

Watu wakacheka. Mzee akateremsha gazeti akasema, "Kwani hakujua anakuja kufanya nini?" Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine, akaendelea. Mimi sikucheka, lakini sikutoa neno. Nilinyolewa, nikalipa, nikatoka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nimesimamia ushauri nasaha shuleni. Nilisoma saikolojia chuoni na bado naifuatilia. Usiku huo usingizi ulinikimbia. Kilichonisumbua zaidi hata ya kicheko ni jinsi kijana yule alivyosimulia. Hakunong'ona. Hakutazama nyuma. Alieleza kitendo ambacho Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inakiadhibu kwa kifungo kisichopungua miaka 10, akakieleza kama mtu anayesimulia alivyokosana na kondakta.

Watafiti wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1987 Mary Koss na wenzake walichapisha matokeo ya hojaji waliyowapa wanafunzi 6,159 katika vyuo 32 vya Marekani. Hekima ya hojaji ile ilikuwa katika maneno yake. Haikumwuliza mwanamume kama amewahi kubaka. Ilimwuliza alichofanya: umewahi kulala na mwanamke asiyetaka, kwa kumtisha, kwa kumshika kwa nguvu, kwa kumlevya? Karibu wanaume 8 katika kila 100 walijibu ndiyo kwa vitendo ambavyo sheria inaviita ubakaji au jaribio la ubakaji, na wengi wao hawakuona kwamba wamebaka mtu. Hapa Afrika, Rachel Jewkes na wenzake waliwauliza wanaume 1,738 wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwa njia hiyo hiyo ya kutaja vitendo. Zaidi ya robo yao walikubali kwamba wamewahi kumlazimisha mwanamke au msichana.

Kwa hiyo yule wa kwa kinyozi si kioja. Mtu akikosa jina la alichofanya, atakisimulia popote.

Sisi tuna majina yetu mawili ya kufunika jambo hili, na nimeyasikia tangu nikiwa mtoto. La kwanza ni tamaa: mwanamume akishapandwa hawezi kujizuia. La pili ni shetani: alimwingia. Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito kule Meru walipovamia bweni la wasichana usiku, wasichana 19 wakafa na 71 wakabakwa. Naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka tu kuwabaka. Nilikuwa mdogo wakati huo, na sentensi hiyo niliielewa nikiwa mtu mzima. Mtu aliyeisema alikuwa mlezi wa wale wasichana. Hivyo ndivyo hadithi ya tamaa inavyokaa ndani ya watu wema.

Tatizo la hadithi hiyo ni kwamba haielezi kitu. Wanaume wote tunapandwa na tamaa. Kwa nini wengi wanarudi nyumbani wakalala, na mwingine akafunga mlango? Tena kijana yule alikuwa na utulivu wa kutosha kungoja mpaka samaki iliwe na jua lishuke.

Jibu ambalo limenishika zaidi ni la Neil Malamuth, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1991 yeye na wenzake, Koss akiwemo, walitoa maelezo yanayojulikana kama nadharia ya makutano, makutano ya mito miwili. Ninapoifundisha huwa naanzia Budalang'i. Kila mtu wa magharibi mwa Kenya anajua kwamba mafuriko yanayobomoa nyumba za Budalang'i mara nyingi ni ya mvua iliyonyesha mbali, Cherangani na Mlima Elgon. Maji yanashuka na Mto Nzoia, yanapita Webuye, yanapita Mumias, yanaongezeka njiani, yanafika chini yakiwa na nguvu ambayo aliye chini hakuiona ikikusanyika. Ukitaka kuelewa mafuriko, usisimame Budalang'i peke yake.

Mto wa kwanza wa Malamuth ni uanaume wenye uhasama. Huyu ni mwanamume anayeamini kwamba wanawake ni wadanganyifu, kwamba wanamchezea, kwamba kati yao na yeye kuna vita na lazima mmoja ashinde. Kumtawala mwanamke kunamliwaza. Mto wa pili ni ngono isiyo na uhusiano: kulala na wanawake kama kufunga mabao, hesabu ya kwenda kuwasomea wenzako, aliyelala nawe hana jina. Ukiwa na mmoja tu, hatari ipo lakini ni ndogo. Mito yote miwili ikikutana ndani ya mtu mmoja ndipo hatari inapopanda. Watafiti hao waliwafuata wanaume kwa miaka 10 na kuona kwamba vipimo vya mwanzo vilisaidia kutabiri nani baadaye angekuwa na ugomvi na mateso katika maisha yake na wanawake. Baadaye wakaongeza kwamba picha za ngono, kwa mwanamume ambaye tayari mito hiyo inatiririka ndani yake, zinakwenda sambamba na hatari kubwa zaidi.

Sasa rudi kwenye maneno ya kijana. "Amekula nauli yangu." Huo ni mto wa kwanza, mzima mzima. Katika miaka hii ya simu, kula nauli, yaani kutumiwa nauli na mwanamume kisha usifike au usimpe anachotaka, limekuwa kosa la mwanamke linalojulikana Kenya nzima. Tumelifanyia vichekesho, tumelifanyia mijadala ya redio asubuhi, na kila kichekesho kinamfundisha mvulana mambo mawili: wanawake ni wakora, na shilingi 200 zinanunua kitu. Mto wa pili nao tuna jina lake. Vijana wanajiita mafisi, wanajivunia kuwa kwenye timu ya mafisi. Nimewakataza wanafunzi wangu kulitumia darasani, wakaniona mzee asiyejua utani. Lakini fisi ni mnyama anayekula bila kuuliza mzoga ni wa nani. Mvulana akijiita hivyo kila siku tangu kidato cha kwanza, anazoea kumwona mwenzake kama nyama.

Mfano wa mto una mwisho wake, na nataka niuseme wazi. Maji hayana hiari. Mwanamume anayo. Ninapoonyesha mvua iliponyesha, simwondolei mtu yeyote mkono wake kwenye kitasa cha mlango. Wanaume wengi wamepita kwenye maji hayo hayo na hawakumgusa mtu.

Kuna mto mwingine naufahamu kwa karibu kwa sababu nimeuoga. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Nilitahiriwa Agosti, mwaka shufwa kama ilivyo desturi, nikasimama bila kupepesa jicho mbele ya ukoo wetu wote. Siku hiyo siidharau. Baadaye mzee wa ukoo alinikalisha akanipa nasaha, na moja naikumbuka neno kwa neno: mlango uliofungwa usiusukume, mlango ulio wazi ingia. Mlango uliofungwa ni mke wa mtu. Ulio wazi ni msichana asiyeolewa. Niliipokea kwa heshima, na kwa sehemu ilinisaidia, maana iliniwekea mpaka. Ilinichukua miaka kuona kilichokosekana ndani yake. Mlango uliofungwa unaheshimiwa kwa ajili ya mwanamume aliyeufunga. Katika nasaha ile yote, mwenye kukaa ndani ya nyumba hana sauti. Hakuna mahali nilipoambiwa kwamba msichana asiye na mume anaweza kusema hapana, na hapana yake ikawa kufuli.

Joseph Vandello na Jennifer Bosson, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika mwaka 2008 kuhusu jinsi jamii nyingi zinavyouona uanaume kuwa kitu cha kupiganiwa ambacho kinaweza kupotea siku yoyote, tofauti na uanawake unaodhaniwa kuja wenyewe na umri. Walipowafanya wanaume wahisi kwamba uanaume wao umetiliwa shaka, wanaume hao walijaa wasiwasi na mawazo ya ugomvi. Nilipoisoma kazi hiyo niliwaza sana kuhusu yule aliyekaa kitini. Tayari alikuwa ametangazia marafiki kwamba mgeni anakuja. Kumwacha arudi Chavakali kungemfanya awe nani mbele yao kesho yake?

Pombe nitaipitia haraka, maana kila mtu huiruka kama jibu. Antonia Abbey ameitafiti kwa miaka mingi, na tafiti za Marekani zinaonyesha pombe ipo katika karibu nusu ya mashambulizi ya kingono. Inafupisha macho ya akili: mtu anaona anachokitaka na haoni uso wa aliye mbele yake. Ila inafanya hivyo zaidi kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba anadaiwa. Na angalieni tunavyoitumia barazani. Mwanamume akiwa amelewa, tunasema "pombe ilimzidi." Msichana akiwa amelewa, tunamwuliza alikuwa anakunywa na nani.

Takwimu inayonyamazisha mabishano mengi ninayoijua ni ya mwaka 2013. Umoja wa Mataifa uliwahoji wanaume zaidi ya 10,000 katika nchi sita za Asia na Pasifiki. Waliokiri kubaka waliulizwa sababu, na wangeweza kutaja zaidi ya moja. Karibu 73 katika kila 100 walitaja haki: nilimtaka, nilistahili, hata kama hakukubali. Karibu 59 walisema ni kujifurahisha au kukosa la kufanya. Karibu 38 walisema ni hasira au kumwadhibu. Pombe ilikuwa ya mwisho, 27. Tunawekeza mahubiri yetu yote kwenye pombe na tamaa, na wenyewe wanatuambia kwa vinywa vyao kwamba walihisi wana haki.

Na haki hiyo hatukuipata msituni. Sheria yetu ile ya 2006, ambayo Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge, aliipigania bungeni na ambayo imeokoa watu, ina kifungu cha 43(5) kinachosema maelezo yake kuhusu vitendo vya kulazimisha hayawahusu watu waliooana kisheria. Mke, kwa maneno mengine, amekwisha kula nauli. Mwanamume aliyetoa ng'ombe anasikia jambo hilo hilo kutoka kwa wazee, na akienda kwa wakili atalisikia kwa lugha nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 13 katika kila 100 nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na mara nyingi mtendaji ni mume au mpenzi. Huyo hakuruka ukuta wala hakuvizia kichakani.

Kuhusu utoto nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu wavulana wengine wanasoma hapa. Tafiti nyingi, za Jewkes zikiwemo, zinaonyesha kwamba wanaume waliopigwa, kutelekezwa au kunajisiwa wakiwa wadogo wamo kwa wingi miongoni mwa wanaoshambulia. Lakini geuza swali. Watafiti wa London waliwafuatilia wanaume 224 waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2003: waliokuja kutenda makosa ya kingono walikuwa 26. Karibu 200 hawakuonekana kufanya hivyo. Nimekaa ofisini na mvulana wa kidato cha tatu ambaye kitu hicho kilimpata akiwa darasa la tano, mikononi mwa jamaa. Hakuwa analia kwa ajili ya yaliyompata. Alikuwa analia kwa sababu alisikia mahali kwamba na yeye lazima atakuja kuwa hivyo. Nilimsomea hizo namba mbili, 224 na 26, mara tatu. Aliziandika nyuma ya daftari la hesabu.

Kuna mtu atasema hizi ni tafiti za wazungu waliohoji wanafunzi wao. Kwa sehemu yuko sawa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipitia tafiti 191 wakakusanya sababu 67 zilizochunguzwa, na kati ya hizo zilizohusu jamii na mazingira zilikuwa mbili tu. Zote nyingine zilimhusu mwanamume mwenyewe na watu wake wa karibu. Maana yake ni kwamba sayansi imempima sana mtu mmoja mmoja na imesahau kuwahesabu wale saba tuliokuwa kwenye benchi.

Benchi lile ndilo nililotaka kufikia. Nilipotoka kwa kinyozi siku ile, msaidizi wake, kijana wa miaka kama 19 anayefagia nywele na kuosha vichwa, alinifuata nje na chenji yangu. Akanipa sarafu, akabaki amesimama. "Mwalimu," akasema, "ile stori haikunipendeza. Lakini ungeona vile walicheka." Yeye mwenyewe alikuwa amecheka. Nilimwona.

Alan Berkowitz, mwanasaikolojia wa Marekani, na wengine wameandika kuhusu jambo hilo kwa miaka mingi: wanaume hudhani wenzao wanakubali ukatili dhidi ya wanawake kuliko wanavyokubali kwa kweli, basi kila mmoja anameza maneno yake, na anayejisifu anahesabu ukimya wote kama kura zake. Pale kwa kinyozi tulikuwapo angalau wawili tuliochukizwa, na kijana aliyenyolewa aliondoka akiamini ameungwa mkono na wote. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango walioupa jina la Kiswahili, SASA!, wakawafundisha watu wa kawaida wa mitaani wazungumze na majirani zao kuhusu nguvu na matumizi yake, pale pale wanapokaa. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa iliyopata mpango huo, ukatili wa kimwili kutoka kwa wapenzi ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko mitaa mingine. Huko hawakuanza na wakosaji. Walianza na benchi. Malamuth na Karol Dean nao waligundua mwaka 1997 kwamba hata mwanamume mwenye mito yote miwili, kama ana uwezo wa kuhisi uchungu wa mwingine, hafikii matendo kirahisi kama yule anayejijali peke yake. Uwezo huo unaweza kuchochewa, na mara nyingi unachochewa na rafiki anayeuliza swali.

Wasomaji watauliza kwa nini sikwenda dawati la jinsia la polisi. Sikuwa na jina la msichana wala mlalamishi. Na sitajificha nyuma ya hilo, kwa sababu kuna kitu nilichoweza kufanya dakika ile na sikukifanya. Sisi watu wa magharibi tunakumbuka Busia, 2013, msichana wa miaka 16 ambaye magazeti yalimpa jina la Liz: walioshikwa kwa kumshambulia waliambiwa wafyeke nyasi za kituo cha polisi, wakaachiliwa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie sahihi, na hukumu ya miaka 15 ikaja 2015. Yule afisa aliyewapa mafyekeo alitoka kwenye benchi kama letu.

Nilirudi Kondele Jumamosi mbili zilizofuata. Mara ya kwanza niliomba ruhusa nikabandika karatasi kando ya kioo: namba 1195, ya bure, ya kuripoti ukatili, na kwamba aliyebakwa afike hospitalini kabla ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Kinyozi aliisoma, akaleta gundi zaidi.

Mara ya pili kijana mwenyewe alikuwepo. Nilimwomba tusimame nje. Nikamwambia kwamba alichosimulia kina jina, na nikalitaja. Alikasirika, akasema mwalimu unanijua, mimi si mtu wa hivyo. Sikubishana naye kuhusu yeye ni mtu gani. Nilimwuliza tu, ule usiku, msichana alirudi Chavakali aje?

"Sijui. Aliondoka tu."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne."

"Ulimpa nauli ya kurudi?"

Hakunijibu. Mbele yetu makondakta walikuwa wanapiga mabodi ya matatu wakiita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Kakamega, na akawa anawatazama.